Ufa Uliandikwa Aya ya Sita

Barua iliyomuua mdogo wangu ilikuwa nzuri. Nasema hivyo kwa sababu nilikuwepo iliposomwa, na mimi ni mmoja wa waliotikisa kichwa kuikubali. Ilikuwa ya Kiingereza, imepigwa kwenye kompyuta mjini Same, ina aya saba. Ukuta uliokuwa unapasuka juu ya nyumba zetu uliwekwa aya ya sita.

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne. Humu sitaji jina la mtu, hata langu. Nitataja vyeo, na huku kwetu mlimani cheo kinatosha, kila mtu atajijua.

Kijiji chetu kiko kati ya Myamba na Mhezi. Maji ya kumwagilia tunayakusanya kwenye ndiva, yaani bwawa la mlimani ambalo mfereji unalijaza usiku kucha, asubuhi linafunguliwa, maji yanateremka kwa zamu kwenye tangawizi na maharage. Ndiva za wazee wetu zilikuwa za udongo na mawe, ndogo. Ikibomoka inakulowesha magoti, mnairudishia, maisha yanaendelea. Halafu likaja shirika la nje, likatujengea mbili za saruji: moja kitongoji cha chini, moja kitongoji cha juu. Ya chini ukuta wake ulipita kimo cha watu wawili. Nyumba za kwanza chini ya ukuta ule zilikuwa mbili, ya mdogo wangu na yangu. Wote wajane, tumejenga uwanja mmoja, jiko moja.

Shirika lilitaka wanawake watatu kwenye kamati ya maji. Mimi nilikuwa wa tatu. Mwenyekiti aliniambia wazi, "Mama, wewe uje tu, ukae, akidi itimie." Nikaja, nikakaa.

Siku ya kukabidhiwa alikuja mama wa shirika, Mzungu wa makamo, mpole, viatu vyake vimejaa tope na hajali. Alitupa wanakamati kila mmoja bahasha yenye makaratasi ya Kiingereza. Akainua karatasi moja, akaongea muda mrefu huku akiigonga kwa kidole. Katibu wetu ndiye alikuwa mkalimani. Mama yule alipomaliza, katibu akasema, "Anasema anatupenda sana, na tumwandikie wakati wowote."

Mdogo wangu, aliyekuwa amekuja kula pilau tu, akaninong'oneza, "Dada, Kiingereza kirefu hivyo kimetoa Kiswahili kifupi hivi?"

Nikamfinya anyamaze. Katibu ni mwalimu mstaafu. Nusu ya kijiji ilifundishwa naye kushika kalamu, na mpaka leo mtu mwenye wajukuu akimkuta njiani anamwamkia shikamoo mwalimu, anasimama pembeni apite. Jioni ile alikusanya bahasha zote, akasema zitatunzwa ofisini zisije zikaliwa na panya. Tukampa. Nani angekataa?

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, wakati wa jua, majani chini ya ukuta yalikuwa mabichi. Kila mahali pamekauka, mbuzi wanatafuna vijiti, lakini pale chini ya ukuta ni kijani kama masika. Watu walifurahi. Mdogo wangu alikuwa anakwenda na mundu kila siku anakata ya mbuzi wake.

"Huu ukuta unatoka jasho," aliniambia. "Umenenepa, maskini, umeshindwa kupanda mlima."

Nilikwenda kuangalia. Kweli, ulikuwa na unyevu kuanzia kiunoni kushuka chini, na vyura walikuwa wameshahamia. Nikaweka kiganja. Saruji ilikuwa baridi, na nilisikia kitu ambacho nikikieleza watu wanasema nimekitunga baadaye: ulikuwa unatetemeka kidogo, kama ubavu wa ng'ombe anayehema. Mwezi wa nane ulitokea mstari. Mwezi wa tisa mstari ukapitisha kucha, halafu ukapitisha ncha ya mundu. Maji yanachuruzika pale mchana na usiku, na punje za mahindi tulizotupa uwanjani zikaanza kuota zenyewe.

Nikasema kwenye kamati. Nilisimama, mara ya kwanza tangu niingie, nikasema, "Ukuta wa chini umepasuka. Maji yanatoka. Sisi tunaolala chini yake tunaogopa. Vuli haiko mbali. Aandikiwe yule mama, atume mtu aangalie, na maji yapunguzwe kabla mvua haijaanza."

Nimeyarudia maneno haya mara nyingi mpaka yamekuwa kama sala. Kwa hiyo najua ndivyo nilivyosema.

Mwenyekiti alikohoa. "Kuna awamu ya pili inakuja," akasema. "Mabomba mpaka majumbani. Tukiandika tunalalamika, tutaonekana watu wa aina gani?"

"Hatulalamiki," mwalimu akamjibu. "Tutaandika kistaarabu. Barua ya Kiingereza ina adabu zake. Niachieni mimi."

Wiki iliyofuata alishuka Same na gari la alfajiri, akarudi jioni na barua imepigwa chapa. Alitusomea, kwanza kwa Kiingereza tusikie mlio wake, halafu kwa Kiswahili. Juu kulikuwa na anwani mbili, yetu kulia, yao kushoto. Kumbukumbu namba. Tarehe. Halafu Yah, imepigiwa mstari: shukrani za dhati na maendeleo ya mradi wa maji. Aya ya kwanza, tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Aya ya pili, tunatumaini mu wazima wa afya, pamoja na familia zenu na wafanyakazi wote wa ofisi. Ya tatu, sisi huku ni wazima, tangawizi imestawi. Ya nne, asante. Ya tano, asante tena, na watoto sasa wanawahi shule. Ya sita, pamoja na mafanikio hayo hapakosi changamoto ndogondogo, kama vile unyevu katika sehemu ya ukuta mmojawapo, ambazo tunaamini kwa ushirikiano wenu zitapatiwa ufumbuzi siku zijazo. Ya saba, karibuni tena. Wako mtiifu.

Watu wakapiga makofi. Nikasema, "Mwalimu, mimi nilisema umepasuka."

"Umo, mama. Aya ya sita."

"Umeandika unyevu."

Alivua miwani, akanitazama kama zamani akimtazama mtoto aliyechafua daftari. "Sikiliza. Wewe ukienda kwa mkweo, unasukuma mlango unapiga yowe? Si unabisha hodi, unakaribishwa, mnaulizana za siku nyingi, unapewa chai, ndipo unasema kilichokuleta? Basi na barua ni hivyo hivyo. Wale ni wakubwa. Mwenye akili ataliona jambo lilipo."

Nami nilikubali. Hapa ndipo ninapojichukia. Nilikubali kwa sababu ndivyo tulivyolelewa: hapa kwetu mtu hata akija kukuambia umefiwa, ataketi kwanza, ataulizia mifugo, ataulizia mvua, nawe kwa jinsi anavyoulizia utaanza kuelewa. Jambo zito linawekwa mwisho, na kadiri salamu zinavyorefuka ndivyo moyo wako unavyodunda. Yeyote wa mlima huu angeisikia barua ile, aya tano za salamu, angejua kuna msiba unakuja. Tulidhani na wao watasikia hivyo.

Jibu lilikuja mwezi wa kumi. Mwalimu alilipokea kwenye imeili yake, akalitoa kwenye karatasi ya rangi, akalibandika ukutani ofisini. Lilikuwa gazeti la shirika. Picha ya watoto wetu kwenye ndiva, na pembeni barua yetu imechapwa kwa herufi za mlazo. Mwalimu alisimama pembeni yake siku nzima. Kila anayeingia anaonyeshwa.

Nilimwomba anionyeshe aya ya sita iko wapi. Akapitisha kidole kushuka chini, akafika mwisho, akarudi juu.

"Wamefupisha," akasema. "Gazeti lina nafasi ndogo."

Walikuwa wamekata baada ya aya ya nne.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mdogo wangu tuhamie kwa shangazi yetu Myamba mpaka mvua ipite. Akacheka. "Na mbuzi nani atawabeba, mwalimu? Tumeshaingia gazetini Ulaya, dada. Watu wa gazetini hawakimbii nyumba zao." Kisha akaona simcheki. Akasema, "Nikivuna maharage. Wiki mbili tu. Halafu popote unaposema."

Mvua ilianza kabla ya wiki mbili. Ilinyesha siku ya kwanza, ya pili, na ya tatu haikupumzika. Wazee wa zamu walifungua geti la maji lote, lakini mfereji ulikuwa unaleta mengi kuliko yanayotoka. Saa tano asubuhi siku ile ya tatu nilikuwa natoka shambani, kwenye ubavu wa mlima ng'ambo ya nyumba zetu. Nilimwona mdogo wangu amekaa kizingitini anapeta maharage. Aliniona. Akainua mkono, akanionyesha kichwa chake, akimaanisha nijifunike, nalowa bure.

Nikasikia kama lori linamwaga kokoto. Niliteremka kumkimbilia, na ndiyo maana yakanipata na mimi. Sikumbuki maji. Nakumbuka tope linaingia mdomoni lina ladha ya saruji, na mti wa mgrevilea ulionikamata nyonga ukaivunja, ukaniokoa. Yeye walimpata kesho yake, mbali, kwenye migomba ya watu.

Nililala hospitali mpaka baada ya mwaka mpya. Mwenyekiti alikuja na ujumbe wa kijiji, wakaketi, wakaulizia hali, wakaulizia chakula cha hospitali, wakaulizia mguu. Halafu akasema, "Mama, mvua ile ilikuwa ya Mungu." Mwalimu alisimama nyuma. Alikuwa amekonda.

Niliporudi kijijini na fimbo, nilikuta mashamba yote sasa yanategemea ndiva ya juu. Fundi aliyeijenga ni yule yule aliyejenga ya chini. Huyu simsahau: yule fundi mkuu aliyechanganya mchanga kwa wingi na saruji kwa huruma, tukamwona, tukadhani anajua. Chini ya ndiva ya juu kuna nyumba sita. Nilipanda polepole kwenda kuangalia. Ilikuwa mwezi wa pili, jua kali, na chini ya ukuta majani yalikuwa mabichi, na ukutani pameanza ufa.

Sikwenda kwenye kamati. Nilikwenda ofisini, nikamwomba mlinzi wa ofisi bahasha yangu, maana anwani ya yule mama ingekuwa humo. Ilikuwa haijafunguliwa. Nilishuka nayo Same.

Mwanamke mwenye duka la kupiga chapa karibu na stendi alinikaribisha kiti, feni inazunguka, upepo wa barabara kuu unaingia na vumbi lake. Nilimpa bahasha atafute anwani. Akatoa karatasi, akaanza kuisoma, akaisoma tena.

"Mama, hii mlisomewa?"

"Hapana."

"Ni maelekezo ya kuwaandikia." Akanitafsiria taratibu, kidole kwenye mstari. Kukiwa na hatari, iandikeni kwenye kichwa cha barua pepe. Sentensi ya kwanza iseme nini kimetokea. Ya pili iseme mnataka tufanye nini, na lini. Andikeni kwa ufupi. Tunapokea barua nyingi na mara nyingine tunasoma mwanzo tu. Msiogope kutuudhi. Asante zije mwisho, au zisije kabisa.

Hiyo ndiyo karatasi yule mama aliyokuwa anaigonga kwa kidole siku ile ya pilau.

Yule dada wa duka akaniletea maji ya kunywa, sikuyagusa. Nikawaza mwalimu alivyoisikia yote, neno kwa neno, Kiingereza anakijua, na akaona ni aibu kututafsiria. Aliona huyo mama hajui adabu, akamsitiri. Ndivyo ninavyoamini. Hakututakia mabaya. Sisi alitutakia heshima, na yule mama naye akamtakia heshima.

"Tuandike," nikasema.

"Tuanze na Mpendwa Mama?"

"Anza na ukuta."

Aliandika nilivyosema. Kwenye kichwa: ukuta wa pili utabomoka. Kisha: wa kwanza ulibomoka mwezi wa kumi na moja, ukamuua mdogo wangu na kunivunja mimi. Wa pili una ufa. Chini yake kuna nyumba sita. Tunataka mtuambie leo tufanye nini. Nilipomsikia anaisoma, nilisisimka mwili. Ilikuwa kama kumtukana mtu mzima mbele ya watu. Aliibonyeza ikaenda, bila mhuri, bila hata habari za huko.

Jibu lilikuja kabla sijamaliza chai kwenye kibanda cha jirani. Yule dada alitoka nalo mbio, karatasi bado ina joto la mashine. Mistari mitatu. Toeni maji yote leo. Hamisheni watu walio chini. Mhandisi wetu anaondoka Dar es Salaam kesho.

Chai haijaisha. Na ile ya kwanza tulingoja mwezi mzima, tukaletewa picha.

Jioni hiyo hiyo nilikuwa mlimani. Niliwakuta mwenyekiti na mwalimu ofisini, nikaiweka karatasi mezani. Mwalimu aliisoma. Niliona ameelewa, ninaapa niliona. Lakini akaanza kuigeuza huku na huku.

"Haina kumbukumbu namba," akasema. "Haina salamu. Haina hata wako mtiifu. Ofisi kubwa kama ile haiwezi kuandika hivi. Yule mama ninamfahamu, ni mtu mstaarabu."

"Inaweza ikawa ya matapeli," mwenyekiti akadakia. "Siku hizi wamezidi. Au ameiandika huyo wa duka mwenyewe. Tangawizi ndiyo kwanza inapandwa, mama, tumwage maji ya kijiji kizima kwa kikaratasi cha mistari mitatu?"

"Mwalimu," nikasema, "nakuomba. Waandikie wewe sasa hivi, uwaulize kama ni wao."

"Nitaandika," akasema. "Kesho. Barua kama hiyo inataka utulivu."

Na akavuta karatasi safi, nikamwona kwa macho yangu anaandika anwani ya kwanza kulia, ya pili kushoto, polepole, kwa mwandiko wake ule mzuri.

Kesho yake asubuhi, baada ya ndiva kufunguliwa na zamu ya kwanza kuondoka, nilipanda peke yangu. Walikuwa wameacha geti wazi robo tu. Nililizungusha. Ni gurudumu la chuma, kama usukani wa lori, na mtu mwenye nyonga yangu analizungusha kwa kifua. Nilizungusha mpaka likagota. Kisha nikavua khanga ya juu, nikaifunga kwenye gurudumu mafundo yote niliyoyajua, nikaketi juu yake.

Maji yaliruka mferejini, yakafurika, yakaingia kwenye matuta ya watu. Nilisikia kelele zinaanzia chini zinapanda. Mama mmoja, wa nyumba ya kwanza chini ya ukuta, alifika na jembe mkononi, amelowa mpaka mapajani.

"Dada, umerukwa na akili? Tangawizi yangu inakwenda na maji."

Nilitaka kumwambia kwanza shikamoo, au za kwako, au pole na kazi. Ilinijia mdomoni yenyewe. Nikaimeza.

"Toa watoto nyumbani," nikasema. "Ukuta unabomoka."

Alitazama fimbo yangu, mguu wangu, kisha akageuza macho kwenye ndiva, nami nikageuka naye.

Maji yalikuwa yameshuka kama hatua mbili za ngazi, na pale yalipotoka ukuta ulionekana, umelowa, mweusi. Ufa niliouona upande wa nje, mwembamba kama uzi, upande wa ndani ulikuwa umepanuka. Mkono wangu ungeingia wote. Ulikuwa unashuka, unafuata maji, hatukuona unapoishia.

Aliangusha jembe akakimbia. Nilimsikia anaita watoto mmoja mmoja. Upande wa kilele cha Shengena mawingu yalikuwa yamekaa chini sana, na upepo ulikuwa umesimama. Watu wengine walikuwa wanapanda, mwenyekiti yuko mbele, amekunja mikono ya shati. Niliikaza khanga fundo moja zaidi. Maji yalikuwa bado yamebaki zaidi ya nusu.